Jiwe limeshasema mlima, we mchoro unataka kusema nini?

Kwenye maonesho ya bonsai, ile miti ya Kijapani inayolelewa iwe midogo kwenye vyungu, kuna kona moja ambayo watu huwa wanaipita mbio wakiwahi misonobari, kona ya mawe. Unakuta meza imetandikwa kitambaa cheusi, jiwe limekaa kwenye kitako cha mbao, nyuma kumening'inizwa mchoro mrefu wa Kijapani, alafu pembeni kuna kachungu kenye nyasi. Mtu anasimama sekunde mbili, anauliza hili jiwe kachonga nani, akiambiwa hakuna aliyechonga, limeokotwa mtoni lilivyo, anasema ahaa, anatabasamu kwa heshima, huyo anaondoka. Mi ndo huwa naganda hapo. Nimekuwa nikijitolea kupanga meza za klabu yetu huku Marekani kwa miaka kadhaa, nabeba patisheni, nafunga mishipi ya kuning'inizia, namwagilia mimea ya watu, na kadiri ninavyokaa na hizi meza ndo navyozidi kuona kwamba shida ya meza nyingi sio jiwe. Mawe ni mazuri mno. Shida ni kwamba kila kitu kilichowekwa karibu na jiwe kinarudia kile kile jiwe lilichokwisha kusema.

Kwa ambao hii habari ni mpya: Wajapani wanayaita suiseki, ni mawe ya asili ambayo ukiyatazama yanakuletea mandhari kichwani. Mlima wa mbali, kisiwa, maporomoko ya maji, kibanda cha makuti, tambarare yenye kidimbwi juu yake. Mengi unaweza kuyabeba kwa mikono miwili. Juu hayachongwi wala hayapakwi rangi. Chini sasa ndo kwenye ugomvi, maana mengi yamekatwa kitako kwa msumeno ili yakae sawa na wapo wanaosema likishakatwa basi tena, sio suiseki, wengine wanasema mbona hata wakubwa walikata, mi kwenye hiyo vita siingii leo.

Walioanza kuyaenzi mawe namna hii ni Wachina, karne nyingi nyuma, na wao waliyapenda yaliyosimama wima, membamba, yenye makunyanzi na matobo ambayo upepo na mwanga vinapita. Kuna kisa maarufu cha Mi Fu, afisa na mchoraji wa enzi ya Song aliyeishi 1051 hadi 1107, inasimuliwa alifika kituo kipya cha kazi akakuta jiwe la ajabu, akavaa joho lake rasmi akaliinamia na kuliita kaka. Hebu fikiria bosi mpya anaripoti kazini siku ya kwanza na salamu ya kwanza anaipeleka kwa jiwe. Japani mapenzi haya yaliingia yakabadilika sura, wao wakaegemea mawe ya kulala chini, meusi, tulivu, yenye kudokeza tu. Moja linalotajwa sana ni lile linaloitwa Yume no Ukihashi, yani daraja la ndoto linaloelea, linalohusishwa na mfalme Go-Daigo wa karne ya 14, sasa hivi liko makumbusho ya Tokugawa kule Nagoya. Ukiona picha yake unaweza ukashangaa makelele yote ni ya nini, ni jiwe refu jembamba la chini, halina mbwembwe. Ndo penyewe hapo. Halikulazimishi kitu.

Sasa hayo mawe ya Japani yana makwao na wapenzi wanayajua kwa mito na milima, kama vile sisi tunavyojua mchele wa Mbeya na wa Kyela hauchanganywi. Kamogawa ya Kyoto, Setagawa ya Shiga, Furuya ya Wakayama, Kamuikotan ya Hokkaido, jiwe jekundu la kisiwa cha Sado, na lile la Neodani mkoa wa Gifu lenye maua ya krisanthemamu ndani yake, maua ya madini kabisa, sio mtu kachora. Na jiwe likishaokotwa haliwekwi mezani siku hiyo hiyo. Linawekwa nje kwenye rafu, jua linalipiga, mvua inalinyea, mwenyewe analimwagia maji kila siku, miaka inaenda, mpaka ngozi yake inapata ule mng'ao wa uzee ambao hauigizwi kwa mafuta ya kupaka. Watu wengine wanapaka mafuta, ndio, na inaonekana.

Basi, mahali ambapo mpangilio huu ulizaliwa ni tokonoma. Ni sehemu iliyoingia ndani ya ukuta kwenye chumba cha wageni cha nyumba ya Kijapani, sakafu yake imeinuliwa kidogo, na humo hakuwekwi TV wala picha za harusi. Unaning'inizwa mchoro mmoja, chini yake kinakaa kitu kimoja, pengine na kingine kidogo cha kukisindikiza. Basi. Mgeni anakaa chini kwenye mkeka anatazama. Mwenyeji kapanga kwa ajili ya mgeni huyo na kwa siku hiyo, kesho anaweza akaondoa vyote. Nilipobahatika kwenda Omiya, kile kijiji cha bonsai cha Saitama kilichoanzishwa 1925 na wakulima wa bonsai waliohama Tokyo baada ya tetemeko kubwa la 1923, niliingia makumbusho yao ya bonsai yaliyofunguliwa 2010 na humo wametengeneza vyumba vya namna tatu, kutoka cha rasmi kabisa mpaka cha kawaida tu, wanaviita shin, gyo na so. Niliganda mbele ya kile cha rasmi mpaka mlinzi akaanza kuniangalia. Nilichokuwa nakitazama sio mti, ni nafasi tupu kati ya vitu. Ilikuwa kubwa kuliko vitu vyote vikijumlishwa na hakuna aliyeona haja ya kuijaza.

Hapo ndo nikaanza kuielewa kazi ya kila kimoja, na nitaeleza navyoielewa mimi, walimu wa Japani wana shule zao kabisa za upangaji, Keido ni mojawapo, na wanaweza wakanichapa viboko kwa kurahisisha.

Jiwe halina msimu. Liangalie Januari, liangalie Julai, ni lile lile. Lina umri wa mamilioni ya miaka, habari za wiki hii haziliumizi kichwa. Kwa hiyo ukiliweka peke yake linakupa mahali lakini halikupi wakati. Mmea wa pembeni ndo unaleta wakati, maana mmea hauwezi kudanganya, kama umeanza kukauka majani basi ni vuli ya kule kwao, ule msimu wa majani kudondoka kabla ya baridi, kama umetoa chipukizi jekundu basi baridi ndo imeachia. Mchoro wa ukutani unaleta vile ambavyo jiwe na mmea havina kabisa: mbingu, hali ya hewa, saa ya siku, kiumbe kinachopita. Mwezi. Ndege wawili. Mvua. Kwa hiyo pale una nyakati tatu zimekaa pamoja, ya jiwe isiyoisha, ya mmea ya wiki mbili tatu, na ya mchoro ya dakika moja, yule ndege akishapita kapita. Ukiliona hilo mara moja huwezi tena kuangalia meza za maonesho kwa macho yale ya zamani, utaanza kusumbua watu kama navyowasumbua mimi.

Sasa njoo kwenye ukumbi uone. Jiwe ni mlima. Nyuma, mchoro wa mlima. Kachungu ka pembeni kana nyasi za mlimani sawa, lakini jamaa kaona haitoshi, kaweka na kasanamu ka shaba ka mzee anapanda mlima na fimbo. Alafu kadi mbele: "Mlima wa Mbali." Ndugu yangu, tumeelewa! Tulielewa tangu jiwe. Mtazamaji hana tena kazi ya kufanya hapo, kila mlango umefungwa na umebandikwa tangazo.

Mtu aliyekulia na kanga mwilini hili hahitaji kufundishwa. Kanga ina pindo, ina mji katikati, ina jina. Mji ukiwa na korosho, jina haliandikwi "hii ni korosho." Linaandikwa maneno ya jirani, ya mke mwenza, ya mtu aliyekukopa akapotea, na korosho ziko pale zimenyamaza, na mwenye kujua anacheka mwenyewe. Anayeuza kanga zenye korosho na jina la korosho atazikunja jioni arudi nazo nyumbani. Mchoro juu ya jiwe unafanya kazi ile ile ya jina la kanga, unatoka pembeni, unaleta habari nyingine, na maana inapatikana katikati pale ambapo hakuna kilichoandikwa.

Ngoja nitoe mifano maana maneno matupu hayapangi meza. Chukua jiwe la mlima wa mbali, jeusi, Kamogawa kwa mfano. Mchoro una duara tu la mwezi, wino mwepesi, karatasi yote iliyobaki tupu. Mmea wa pembeni ni susuki, zile nyasi ndefu zenye manyoya meupe, aina ile fupi inayokaa kwenye chungu. Mjapani yeyote akiona mwezi na susuki anajua ni usiku wa kutazama mwezi, msimu wa vuli, hauhitaji kumwambia. Mlima haukuchorwa, uko pale mezani. Au chukua jiwe la maporomoko, lile lenye mshipa mweupe unaoshuka katikati. Kishawishi cha kuning'iniza mchoro wa maporomoko ni kikubwa sana na ndo hicho hicho cha kukikataa, weka ndege yule anayeitwa hototogisu, jamii ya kekeo, kwao ni ndege wa mwanzo wa msimu wa joto na kwenye mashairi anasikika zaidi ya kuonekana, weka kangaga kadogo pembeni, na hapo hapo unaanza kusikia sauti mbili, ya maji na ya ndege, na hakuna hata kimoja kinachotoa sauti mezani. Jiwe la kisiwa wanapenda kuliweka kwenye suibani, trei pana ya udongo wa kuchoma isiyo na tundu chini, unamwaga mchanga msafi, msimu wa joto unanyunyizia maji jiwe linalowa linakuwa jeusi, mtu anayetoka nje kwenye jua anaona ubaridi kabla hajagusa kitu. Juu yake tanga moja la jahazi kwa mbali, au ndege wa pwani. Kwenye baridi kisiwa hicho hicho ukikiweka kwenye trei ya maji watu wanatetemeka, ndo maana miezi ya baridi jiwe linarudi kwenye kitako chake cha mbao, kile wanachokiita daiza, kilichochongwa kufuata kila kona ya chini ya jiwe hilo na haliingii jingine.

Na mchoro wa mlima, je, haufai kabisa? Unafaa, ila sio juu ya mlima. Nimewahi kuona jiwe la kibanda, lile lenye umbo la nyumba ya nyasi yenye baraza, nyuma kumening'inizwa Fuji kwa mistari miwili ya wino. Kibanda kiko karibu, Fuji iko mbali, na ghafla meza ya sentimita mia na kitu ina kilomita ndani yake. Hapo mlima una kazi. Na lile jiwe la krisanthemamu tafadhali usiliwekee ua lolote, wala la kuchora wala la kupanda, ua analo tayari ndani ya mwili.

Kuhusu mchoro wenyewe kama kitu, hapa niseme ya kifundi kidogo. Kakejiku sio picha ya fremu. Ni karatasi au hariri iliyogandishwa kwenye tabaka za karatasi nyingine na kuzungushiwa vitambaa, juu kijiti, chini gongo la mviringo lenye vichwa viwili vinavyotokeza, na inakunjwa kwa kuviringishwa inaingia kwenye sanduku lake la mti mwepesi wa kiri. Haipendi unyevu, haipendi jua, haipendi kukaa imening'inia mwezi mzima. Inapandishwa kwa fimbo yenye panda mwishoni ili mikono isiguse hariri. Kwenye ukumbi wa huku hakuna msumari wa kuipokea, kuna patisheni za kukodi, kwa hiyo tunapitisha bomba juu na kufunga mshipi wa kuvulia samaki ambao hauonekani, alafu saa nne asubuhi kiyoyozi kinawaka na michoro yote inaanza kupepea kama bendera za chama. Wajapani wana dawa yake, vizito vidogo vya kuning'iniza kwenye vichwa vya lile gongo, vinaitwa fuchin, vya kauri au vya jiwe na shada la nyuzi. Watu wengi wanadhani ni mapambo. Ni vizito. Na ukinunua, nunua, kwa sababu mchoro unaopepea nyuma ya jiwe unalifanya jiwe lionekane limekosewa adabu.

Jiwe halikai katikati chini ya mchoro kama askari wa lindo. Linasogezwa upande. Kila jiwe lina mwelekeo, mteremko wake mrefu unaenda kushoto au kulia, na mwelekeo huo unatakiwa uingie kwenye nafasi, usitoke nje ya meza, na kama ndege wa mchoroni anaruka basi naye aruke kuingia ndani, sio watu wote wanakimbilia mlango mmoja. Mmea unakaa upande ule ambao jiwe linautazama, chini zaidi ya jiwe, kwenye kibao chembamba au kipande cha mianzi, wakati jiwe likiwa juu ya kimeza chake. Vimo vitatu tofauti. Na urasmi uendane, kimeza kizito cha mbao nyekundu ya shitan chenye miguu ya kujikunja hakipatani na mchoro wa mzaha uliochorwa kwa mipigo mitatu na mtawa wa Kibudha wa Zen, kila kimoja kizuri kivyake, pamoja ni kama mtu kavaa suti na kandambili.

Sasa mmea. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu naona unaonewa. Kwenye klabu nyingi mtu ana jiwe aliloliwinda miaka, ana mchoro alioagiza Kyoto, alafu asubuhi ya maonesho anapita dukani ananunua kachungu ka ua lolote lililochanuka. Matokeo yake ua la zambarau linapiga kelele na jiwe linakosa mtu. Mmea wa pembeni mzuri umekaa kwenye chungu chake miaka mpaka umejaza, mizizi imebana, majani yamekuwa madogo, na mara nyingi sio mmea mmoja, ni nyasi na kimmea kingine kilichojiotea chenyewe na kijani cha unyevu kimefunika udongo. Wajapani wanatofautisha, ukionyeshwa wenyewe kama kitu kamili wanaita kusamono, ukimsindikiza mwingine wanaita shitakusa, na tofauti sio ya mmea bali ya tabia. Msindikizaji hapaswi kuwa mzuri kuliko bibi harusi. Kama ana maua yawe madogo na machache, na kama mchoro una ua basi yeye asiwe na ua kabisa.

Zaidi ya msimu, mmea unataja anwani. Ukiweka matete madogo karibu na jiwe, mtazamaji anashuka bondeni kwenye maji bila kujua kashushwa. Ukiweka kale kamea kagumu ka juu kabisa kanakokaa kwenye nyufa, jiwe lile lile linapanda linakuwa kilele. Nimeshafanya hilo jaribio kwa jiwe moja lisilo na umbo la wazi, nikabadilisha mmea tu, na wenzangu wakabishana kama ni kisiwa au kilele kutegemea nani kafika saa ngapi. Chungu cha gramu mia tatu kimehamisha jiwe la kilo tisa kutoka baharini mpaka mlimani. Mchoro hauna nguvu hiyo. Na mwezi wa kwanza, hapo ambapo kila mtu analalamika hana mmea wa kuonyesha, ndo nyasi zilizokauka zina thamani, zile za kahawia zilizosimama tu na baridi yake, ila memba anazikata usiku wa kuamkia maonesho ili "asafishe." Acheni zikauke jamani! Ukavu ndo habari yenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi, nalo ni macho. Tokonoma ilitengenezwa kwa mtu aliyekaa chini. Macho yake yako karibu usawa na jiwe, kwa hiyo mlima una upeo wa macho, una mbele na nyuma. Kwenye ukumbi meza iko kiunoni na mtazamaji kasimama wima, analiangalia jiwe kwa juu kama anavyoangalia kiazi sokoni. Kutoka juu hakuna mlima duniani, kuna paa la jiwe. Ndo maana watu wanapita! Kama una uwezo inua jukwaa, hata boksi mbili chini ya kitambaa, na kama wewe ni mtazamaji, piga goti. Mi huwa napiga goti mbele za watu na sioni haya, na nikishapiga mimi, nyuma yangu wanafuata wawili watatu, watoto wao hawahitaji kuinama wanaona tangu mwanzo na ndo maana watoto wanaelewa mawe haraka kuliko wazazi.

Hata maonesho makubwa yanatofautiana kwenye hili. Kokufu-ten ya Tokyo, ile ya Februari pale Ueno iliyoanza 1934, ni miti kwanza, mti na kimmea chake mbele ya ukuta mtupu, safu ndefu, watu wanatembea. Taikan-ten ya Kyoto mwezi Novemba inatoa nafasi ya kupanga kwa mtindo wa tokonoma, na hapo ndo utaona michoro ikifanya kazi. Huku Marekani kwa mawe yenyewe wapenzi wengi wanataja maonesho ya klabu ya mawe ya Aiseki Kai yanayofanyika kwenye bustani za Huntington huko San Marino, California, wale wana mawe ya mto Eel na ya majangwa yao na hawaoni aibu kuwa sio ya Japani.

Na Washington, DC pana kitu ambacho nikimpeleka mgeni yeyote huwa kinanifurahisha na kunikera kwa pamoja. Mwaka 1976 Japani iliipa Marekani zawadi ya kutimiza miaka 200 ya uhuru, bonsai 53. Hiyo kila mtu anaijua, na kila mtu anakimbilia ule msonobari mweupe wa ukoo wa Yamaki uliokuwa Hiroshima bomu lilipodondoshwa, mti ulioanza kulelewa 1625. Ni haki yao kukimbilia, mti ule unastahili. Lakini zawadi ilikuwa bonsai 53 na mawe sita. Sita! Mawe yalikuja na miti, kwa hadhi ile ile ya zawadi ya taifa kwa taifa, na yako pale kwenye makumbusho ya bonsai ya National Arboretum, bustani ya miti ya taifa, na siku nyingi naweza kukaa nayo bila mtu kuniambia samahani nipishe.

Nimetokea Mwanza, kwa hiyo labda nilishaharibika mapema. Ukikulia unaona Bismarck Rock kila ukienda kupanda kivuko cha Kamanga, miamba imepangana majini kama mtu kaiweka kwa makusudi, huwezi kukua ukidhani jiwe ni kitu cha kujengea tu. Jamaa wa nyumbani wananiuliza meseji hii hii, je na sisi tunaweza kupanga hivi kwa vya kwetu? Mnaweza, ila mwezi na susuki waachieni wenyewe, kwao vina mizizi, kwetu vitakuwa mapambo ya mgahawa. Msimu wetu ni masika na kiangazi, sio maua ya cheri. Nyasi za pembeni mwa njia zikibebwa na udongo wake, zikakaa kwenye chungu mwaka mzima, zitakuambia mvua imechelewa vizuri kuliko redio. Mawe msibebe hifadhini, huko hairuhusiwi, na hata huku kwenye hifadhi za taifa hairuhusiwi, okoteni kwenye mashamba ya ndugu kwa ruhusa. Suala gumu ni mchoro. Sina jibu zuri la mchoro. Nimefikiria kanga yenyewe ikatundikwa, nikaona hapana, ina rangi nyingi na itashinda jiwe kabla halijafungua mdomo. Kwa hiyo mi ningeacha ukuta mtupu.

Na ndo ushauri navyompa hata mtu wa huku mwenye pesa. Kama mchoro ulionao ni ule mmoja tu wa mlima ulionunua mtandaoni kwa sababu ulikuwa bei rahisi, uache nyumbani. Jiwe na mmea vinatosha kabisa. Ukitaka kununua mmoja tu wa maisha, nunua mwezi, mwezi unapatana na karibu kila jiwe.

Kuna mzee mmoja wa klabuni, ana asili ya Japani na mikono yake imepanga meza nyingi kuliko zangu, hili hakubaliani nami hata kidogo. Yeye anasema ukipunguza anza kupunguza mmea, maana mmea ni uchafu na unadondosha majani, mchoro ndo unalifanya jiwe liwe na dunia. Namwambia mzee, bila mmea hatujui ni lini. Ananijibu, jiwe halijali ni lini, wewe ndo una haraka. Tumekubaliana maonesho ya masika ya huku, baridi ikiachia, tutagawana meza katikati, jiwe lake na mchoro upande ule, langu na nyasi upande huu, na hakuna kadi. Mwenyekiti kashaanza kulalamika kwamba wageni watauliza maswali mengi.